Ndia ya Maji Pale Gofuni

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma michoro ya watu wanaotaka kujenga na kusema maji ya mvua yataenda wapi. Wenzangu katika afisi ya mipango, wengine waliangalia urefu wa jengo, wengine nafasi ya gari la zimamoto, wengine vyoo. Mimi nilifuata maji. Faili ikinifikia nilitafuta kwanza ile karatasi ya nyuma yenye mishale midogo ya buluu, nikaangalia yanatoka wapi, yanapita wapi, na yanaishia kwa nani.

Siku faili ya Gofuni ilipowekwa mezani kwangu sikuhitaji kusoma anwani. Nilikijua kiwanja kile kwa umbo lake tu, upana wake mbele na namna kinavyojikunja nyuma kukwepa msikiti mdogo. Kiko Kuze, katika Mji wa Kale, mtaa niliozaliwa na kukulia. Zamani, kabla yangu, palikuwa na nyumba ya mawe. Ikaanguka, wenyewe wakahama, pakabaki kuta tatu zilizofika kiunoni, sakafu iliyopasuka na mipapai miwili iliyoota yenyewe. Ndipo watu wakapaita Gofuni.

Kiwanja kile kiko chini kuliko vichochoro vinavyokizunguka. Mvua ya mwaka, yaani masika, ikinyesha, maji yaliteremka kutoka mtaa wa Bondeni, ulio juu yetu licha ya jina lake, yakaingia Gofuni kwa pengo la ukuta, yakatulia humo na kuzama taratibu ardhini. Yaliyozidi yalitokea upande wa pili, yakashuka na kichochoro hadi baharini. Hakuna aliyetufundisha hayo. Tulijua tu kwamba mvua ikinyesha hatuchezi Gofuni.

Mkabala na hapo ilikuwa nyumba ya mwanamke aliyetufundisha kushona kofia. Sote tulimwita Bi. Alasiri, baada ya chuo cha Kurani, wasichana watano sita tulikaa barazani pake na vitambaa vyeupe vilivyochorwa kwa penseli, tukishona tundu moja moja kwa uzi wa hariri. Ukikosea alikufumulia yote. Hakuwa mtu wa kupiga wala kufoka. Alikitwaa kitambaa, akafumua, akakurudishia bila neno. Nyumba yake ilikuwa chini ya kichochoro kwa vidato viwili. Kuingia kwake uliteremka.

Mchoro ulioletwa afisini ulikuwa wa jengo la ghorofa nne, maduka chini na nyumba za kupangisha juu. Kuhusu maji ulieleza vizuri sana. Mvua ya paani ingeshuka kwa mabomba hadi kwenye tangi chini ya sakafu, na ikizidi ingetolewa kwa bomba hadi mfereji wa zamani unaopita chini ya kichochoro. Nilizipitia hesabu mara mbili na zilikuwa sahihi. Lakini zilihesabu mvua itakayoanguka juu ya kiwanja chenyewe tu. Maji yanayotoka juu, yale yaliyokuwa yakiingia Gofuni tangu sijazaliwa, hayakuwemo. Nilichukua penseli nikaandika pembeni mwa karatasi: "Na maji ya Bondeni?" Kisha nikaifunga faili, nikaenda kunywa chai.

Kulikuwa na mkutano wa kusikiliza maoni ya wakazi. Ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule, na mimi nilitumwa niandike yatakayosemwa. Mwenye kiwanja alikuwa amemleta mtaalamu wake, kijana mwenye adabu, aliyetuonyesha ukutani picha ya jengo jeupe lenye roshani za mbao. Watu waliuliza kuhusu kelele za ujenzi na mikokoteni itapita wapi. Halafu Bi akasimama.

Nilikuwa sijamwona karibu mwaka mzima. Nilikuwa nimehamia upande wa pili wa kisiwa baada ya kuolewa, na Kuze nilikuwa nikipita kwa haraka siku za sikukuu. Alikuwa amepungua, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Mimi nataka kusema moya tu," alisema. "Hapo mnapotaka kujenga ni ndia ya maji. Mukiiziba, maji hayatarudi Bondeni. Yatangia kwangu."

Yule kijana alimjibu kwa upole. "Mama, maji yote tumeyapangia. Kuna tangi na kuna bomba. Je, wewe una kipimo chochote unachoweza kutuonyesha?"

"N'nacho," alisema Bi. Akainua buibui lake kidogo, akainama na kugusa goti. "Kipimo changu ni hiki. Zamani waliliziba lile pengo kwa mbao, wiki moya tu, mbuzi wasipite. Mvua ikanyesha. Maji yakanifika hapa ndani ya chumba changu cha kulala."

Ukumbi ukacheka. Haukuwa ubaya, lilikuwa lile goti na jinsi alivyolionyesha. Hata kijana alitabasamu. Mimi nilijua ni kweli. Nilikuwapo. Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, na nilipokezana na wenzangu kuyachota maji yale kwa masufuria na kuyamwaga kichochoroni. Nakumbuka kofia ambazo hazijamalizwa zikielea chini ya kitanda chake.

Nilikuwa nimekaa meza ya mbele, kalamu mkononi. Wenzangu wa afisini walinigeukia wakicheka, kama watu wanaosema, hawa ndio watu wako. Niliona haya. Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa, kwa sababu kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba nilikuwa nikifuata kanuni za kazi. Niliona haya kwa lile goti, kwa lafudhi ile, kwa "moya" na "ndia" mbele ya watu wenye mashine za kuonyesha picha ukutani. Niliinamisha kichwa nikaandika: "Mkazi mmoja alieleza wasiwasi kuhusu maji." Goti sikuliandika, wala mbao, wala wiki ile.

Tulikutana mlangoni watu wakitoka. "Shikamoo, Bi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Wambaje? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi."

"Na kazi?"

"Tunashukuru Mungu."

Alinishika mkono kidogo zaidi ya desturi, kisha akauachia. Hakuniomba kitu. Angeniomba, labda ningelazimika kujibu.

Wiki iliyofuata nilikwenda kukagua kiwanja pamoja na injinia mpya wa afisi yetu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, aliyewahi kufanya kazi reli na ndiyo kwanza ahamishiwe kwetu. Kuze alikuwa hakujui, na kila tukipita kona alisalimu watu kwa sauti kubwa mno. Lakini alikuwa na macho. Alichuchumaa Gofuni karibu na ukuta, akapitisha kidole juu ya mstari wa rangi ya udongo uliokwenda sawasawa kuta zote tatu.

"Hii alama ni ya nini?" aliuliza.

"Ukuta wa zamani," nilimwambia. "Chokaa huvuta unyevu kutoka chini."

Ni kweli chokaa huvuta unyevu. Lakini mstari ule haukuwa wa unyevu, na nilijua. Aliniangalia, akatikisa kichwa kukubali, akaandika katika daftari lake. Tulikwenda kuutazama mdomo wa mfereji wa zamani. Ulikuwa umefunikwa na bamba la jiwe, na juu yake muuza mkaa alikuwa amepanga magunia. "Tungelifungua tuone," alisema injinia. Nikasema tutakuja siku nyingine, kwa sababu jua lilikuwa kali na, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, wanaume walikuwa wameanza kuelekea msikitini. Hatukurudi.

Kamati ilikaa siku ya Jumanne. Asubuhi ile, kabla ya kuingia, nilifungua faili nikakuta maandishi yangu ya penseli pembeni mwa karatasi. Nilichukua ufutio nikayafuta. Nilijiambia kwamba swali lisilo na hesabu halifai kukaa ndani ya faili. Nilikuwa nimetajwa kushika nafasi ya mkuu wa kitengo chetu aliyekuwa akistaafu, na sikutaka kuonekana mtu anayezuia maendeleo kwa kumbukumbu za utotoni. Mara moja huko nyuma nilipinga jengo jingine la Mji wa Kale, na kwa mwezi mzima wenzangu waliniita bibi wa magofu.

Injinia ndiye aliyesema. "Mimi naomba tungoje mvua ya mwaka ipite, tukaone kwa macho. Wakazi wanasema maji hupita pale." Kisha akanigeukia. "Lakini mimi mgeni. Mwenzangu hapa amezaliwa mtaa ule, atatwambia."

Mwenyekiti akavua miwani. "Ehe. Wewe ndiye mwenyeji. Maji hupita pale au hayapiti?"

Ilikuwa nafasi ya neno moja. Niliona mpaka sakafu ya nyumba ya Bi, na zile sufuria. Nikasema, "Maji ya Mji wa Kale yote hushuka baharini. Masharti ya tangi na bomba yakitekelezwa, sioni tatizo."

Wakaandika. Tukaendelea na faili nyingine, ya ukuta wa ghala huko Shimanzi.

Jengo lilipanda haraka. Nilipokuwa nikipita niliona msingi umejaza kiwanja chote kutoka ukuta hadi ukuta, na lile pengo limekuwa nguzo ya zege. Bi alikuwa akikaa barazani pake, vumbi la saruji juu ya kila kitu, akishona. Tulisalimiana. Siku moja aliniambia, "Jengo zuri, mwanangu," na sikujua alikusudia nini. Bado sijui.

Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa haba, nami nikapumua. Nilianza hata kuamini kwamba labda Bi alizidisha, kwamba labda kumbukumbu yangu ya mtoto iliyafanya maji makubwa kuliko yalivyokuwa. Nilikuwa nimeshapewa ile nafasi ya mkuu. Nilikuwa na afisi yenye dirisha.

Mwaka wa pili mvua ilianza baada ya alfajiri, ikakaza. Saa nne asubuhi simu ikalia mezani kwangu, ni injinia. Alikuwa Kuze, ametumwa kuangalia ukuta mwingine. "Njoo," aliniambia. "Njoo uone mwenyewe."

Nilivaa mabuti ya mpira nikaenda kwa miguu. Kichochoro kilikuwa mto. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalishuka kutoka Bondeni, yakagonga jengo jipya, yakakosa pa kuingia, yakageuka yote upande wa pili. Mfereji wa zamani ulikuwa umejaa kifusi tangu lini sijui. Bomba lililochorwa vizuri lilikuwa likitema maji juu badala ya kuyapeleka chini. Na vile vidato viwili vya kuteremkia kwa Bi havikuonekana tena.

Majirani walikuwa wamemtoa, wamemkalisha juu ya baraza ya nyumba ya jirani, iliyoinuka. Alikuwa amefunikwa leso mbili na anatetemeka. Mwanawe wa kiume, mtu mzima anayekaa Kisauni, nje ya kisiwa, alikuwa bado yuko njiani. Injinia na wanaume wawili walikuwa ndani, maji yakiwafika mapajani, wakitoa godoro, redio, na kasha la mbao. Ndani ya kasha Bi alikuwa ameweka vigezo vya kofia alivyoachiwa na mama yake, vitambaa vilivyochorwa kwa wino na mikono ya watu waliokufa zamani. Lilipofunguliwa, wino ulikuwa umeenea wote. Injinia alivishika vitambaa vile kimoja kimoja, akavitandika juu ya jiwe kana kwamba vitakauka na kurudi.

Niliingia nikasaidia kutoa vyombo. Nilipotoka niliketi karibu na Bi. Hakunitazama. Alikuwa akiangalia mlango wake.

"Ulijua, mwanangu?" aliuliza.

"Bi, karatasi walizoleta zilionyesha kwamba..."

"Sikukuuliza karatasi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ndiyo. Injinia alikuwa amesimama karibu, suruali imelowa, akasikia. Nadhani ndipo alipoelewa ule mstari wa ukutani. Tangu siku ile alifanya kazi nami kwa heshima zote, lakini hakuniuliza tena jambo lolote la mtaa wangu. Akitaka kujua, alikwenda mwenyewe na kuuliza watu barazani.

Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyaweka. Maji yalipoondoka, ukuta wa nyuma wa Bi ulianza kubenuka. Siku ya tisa sehemu yake ikaanguka uani, mchana, hakuna aliyeumia. Ilibidi afisi itoe ilani kwamba nyumba haikaliki. Barua ile ilihitaji sahihi ya mkuu wa kitengo. Nilitia sahihi. Kwa jambo hilo angalau sikusema uongo, nyumba ilikuwa ya hatari kweli. Mwanawe alimchukua akakae naye Kisauni.

Baada ya hapo tulifanya mengi, na yote yalikuwa sawa, na yote yalichelewa. Mfereji ulifukuliwa kutoka juu hadi baharini. Mwenye jengo alilazimishwa kutoboa njia chini ya duka moja la mbele ili maji ya Bondeni yapite. Niliandika pendekezo kwamba maneno ya wakazi yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa lafudhi yao, pamoja na majina ya mahali wanayoyataja, na kwamba hakuna hesabu ya mvua itakayokubaliwa isipohesabu maji yanayotoka nje ya kiwanja. Likakubaliwa bila ubishi. Mwenyekiti alinisifu mbele ya watu. Injinia alikuwa akiangalia dirishani.

Mvua ya mwaka uliofuata ilikuwa kubwa, na Kuze haikuingia maji. Watu waliniambia hongera. Nyumba ya Bi ilikuwa imefungwa kwa mabati, mlango wake umeng'olewa na kupelekwa kuhifadhiwa. Mwanawe hakuwa na uwezo wa kuijenga upya kwa mawe na chokaa, na Bi hakutaka ijengwe kwa matofali ya simiti.

Ilinichukua mwaka mzima na zaidi kwenda Kisauni kumwambia. Nilimkuta amekaa kitandani katika chumba chenye dirisha moja, macho yamepungua nguvu, hashoni tena. Nilimsalimu, nikaulizia afya yake, tukamaliza salamu zote. Kisha nikamwambia. Nilimweleza kuhusu yale maandishi ya penseli, mstari ukutani, na jinsi kamati ilivyoniuliza mimi, kwa jina la mtaa wangu, nami nikajibu kwamba sioni tatizo. Nilimwambia kwamba siku ile ukumbini nilimwonea haya.

Nje mkaza mwanawe alikuwa akitwanga kitu.

"Nilikuona ulivyoinama," alisema mwishowe. "Nikasema, huyu ananiandikia. Yuwaandika maneno yangu. Nikakaa nikiwa nimeridhika."

Nilianza kulia. Akaniacha nilie.

"Nisamehe, Bi."

"Ngoja," alisema. "Usinikimbize. Nikikwambia sasa hivi nimekusamehe, wewe utakwenda kwako utalala vizuri, na mimi nitabaki hapa na maneno ambayo sijayapima. Nipe nafasi."

"Nije tena?"

"Njia haijazibwa," alisema, na nikagundua kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa amesema njia, si ndia, kama sisi wengine, kama watu wa Kisauni anaokaa nao sasa.

Ninakwenda Ijumaa baada ya kazi. Siku nyingine hunikaribisha, tukaongea habari za watu wa Kuze, nani ameolewa, nani amefariki, duka gani limefungwa. Huniuliza kama maji yanapita sawasawa, nami humweleza kwa utaratibu, kichochoro kwa kichochoro. Siku nyingine hanikaribishi. Lile jambo hatujalirudia, na mimi si mwenye haki ya kulianza.

Ijumaa iliyopita mkaza mwanawe alinifungulia mlango, akaniambia Bi amelala. Nilisikia redio yake ikizungumza chumbani, na kikohozi chake. Nilimpa ndizi nilizoleta, nikamwomba amfikishie salamu, nikatembea kwa miguu hadi barabarani, kisha nikarudi nyumbani.